Matembezi ya familia mnapokaa mji wa ugenini kwa miezi

Wiki moja katika mji mgeni ni likizo. Miezi minne ni maisha. Ajabu ni kwamba familia nyingi zinazokwenda kukaa muda mrefu mahali, iwe kwa kazi ya mzazi mmoja, masomo, matibabu au mradi wa miezi kadhaa, hupanga matembezi yao kama watalii wa wiki moja. Siku za mwanzo wanakimbilia kila jengo maarufu, watoto wanaburutwa kutoka foleni hii hadi ile, fedha zinapukutika. Baadaye, pale ambapo watoto ndipo wanaanza kupakumbuka nyumbani na marafiki zao, hakuna tena nguvu wala bajeti, na familia inajifungia ndani na televisheni hadi siku ya kuondoka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nanyi baada ya siku ya tatu si wageni tena, na matembezi yenu yabadilike. Familia inayokaa ugenini kwa muda inahitaji sehemu chache za kurudi mara kwa mara kuliko sehemu nyingi za kuona mara moja. Mtoto hatulii kwa sababu ameona mnara mrefu. Anatulia siku anapojua ni bembea ipi inalia ikisukumwa na ni ipi inaruka juu zaidi. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa imani hiyo.

Hatua ya 1: Chora kalenda kabla ya kuchagua mahali

Chukua karatasi kubwa, uandike wiki zote mtakazokaa. Weka kwanza vitu ambavyo haviwezi kusogea: saa za kazi au masomo ya mzazi, miadi ya hospitali, ratiba ya shule ya watoto, sikukuu za nchi mwenyeji, na wageni watakaokuja kuwatembelea. Weka pia hali ya hewa. Kama mnafika mwisho wa kiangazi na mtaondoka katikati ya baridi, mambo yote ya nje yanakaa mwanzoni na ya ndani yanangoja.

Kisha ugawe bajeti ya matembezi kwa wiki. Usiiache kama fungu moja, maana fungu moja huliwa mwezi wa kwanza. Kabla ya kugawa, toa fungu la wiki ya mwisho ulitie pembeni. Wiki hiyo watoto wataomba kurudi kule walikopapenda, na inauma kuwaambia haiwezekani kwa sababu fedha ziliishia mahali ambapo hata hawapakumbuki.

Andika pia nani yuko huru lini. Mara nyingi mzazi mmoja anafanya kazi mchana kutwa na mwingine ndiye anabaki na watoto peke yake, katika mji asiokuwa na dada, shangazi wala jirani wa kumpokea. Matembezi ya katikati ya wiki yapangwe kwa nguvu za mtu huyo mmoja. Safari ya treni mbili na basi moja ukiwa na mtoto mchanga na mwingine anayekimbia isiingie kwenye ratiba ya Jumatano.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, miguu tu

Msiende mbali. Kama mmevuka majira ya saa, mwili huzoea kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku, na kwenda upande wa mashariki huwa kugumu kuliko kwenda magharibi. Mtoto aliyevuka tofauti ya saa saba atakuwa anasinzia mchana na kuamka usiku wa manane kwa takriban wiki nzima. Tiketi ya gharama kubwa wiki hiyo ni fedha iliyotupwa. Mwanga wa asubuhi au wa jioni, kutegemea mlikotoka, ndio unaosaidia kuirekebisha saa ya mwili, kwa hiyo kutembea nje mtaani ni dawa na ni burudani.

Kama mji uko juu sana, mpunguze mwendo zaidi. Kuanzia mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari watu wengi huanza kusikia kichwa kikiuma na pumzi kuwa fupi. Quito, mji mkuu wa Ekuado, uko karibu mita 2,850, na La Paz ya Bolivia karibu 3,600. Siku mbili au tatu za mwanzo katika miji ya namna hiyo ni za kukaa kwenye benchi na kunywa maji. Kupanda vilima kusubiri.

Kazi ya wiki hii ni kuujua mtaa. Siku ya kwanza mkitoka mlangoni geukeni kushoto, siku ya pili kulia, siku ya tatu nyookeni mbele. Kila mara tembeeni kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote, dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Mpe kila mtoto karatasi na penseli achore ramani yake: palipo na mbwa, palipo na ngazi, mti mkubwa, kituo cha basi, choo cha umma. Wewe mkubwa unatafuta mambo mengine: bembea, kivuli, maktaba, bwawa la kuogelea, zahanati, na njia ya kuvuka barabara kwa usalama. Ramani ya simu itakuonyesha bustani ilipo. Haitakuambia kwamba geti la upande wenu limefungwa kwa mnyororo na inabidi mzunguke nusu ya mtaa.

Hatua ya 3: Chagueni kiwanja chenu

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko hatua zote, kwa sababu kiwanja kikipatikana mengine yanajipanga.

Kiwanja chenu ni mahali pamoja pa kucheza mtakapokwenda karibu kila siku. Kisiwe kizuri kuliko vyote mjini, kiwe karibu kuliko vyote. Dakika kumi kwa miguu, na zikizidi 15 mtaanza kutafuta sababu za kutokwenda. Angalia uzio, hasa kama una mtoto wa miaka miwili anayependa kutoroka. Angalia kivuli cha saa ambayo mtakuwa mnakwenda, kwa kuwa kivuli cha asubuhi kinaweza kuwa jua kali la alasiri. Gusa mtelezo kwa kiganja kabla mtoto hajapanda, kwani ule wa chuma uliochomwa na jua huunguza mapaja. Angalia kama kuna choo, na kama mtu mzima anaweza kuketi mahali akawaona watoto wote bila kusimama.

Hata katika bustani kubwa, shikeni kona moja. Central Park ya New York ina hekta 341 na viwanja 21 vya watoto. Familia inayokaa jirani kwa miezi sita itafaidi zaidi ikikizoea kimoja kuliko ikihesabu vyote. Bustani ya Mimea ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2015, haina kiingilio kwenye eneo lake kuu na hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Anayekaa karibu nayo anaweza kuifanya ua wa nyumba yake, akaingia asubuhi kabla ya joto na akarudi jioni.

Saa ya kwenda ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Siku za shule, asubuhi viwanja huwa vitupu. Ni saa nzuri kwa mtoto mdogo anayeogopa msukosuko. Lakini kama mtoto wako ana miaka saba na hajacheza na mwenziwe tangu mfike, mpeleke saa wenzake wanapotoka shule, yaani kuanzia saa tisa au kumi alasiri katika miji mingi. Nenda siku zile zile, saa ile ile. Watoto wa mtaa nao wana ratiba, na sura ikionekana mara ya tatu haikaziwi macho tena.

Beba mpira au chaki za kuchorea chini. Mtoto asiyejua lugha ya pale hatasogea kusema chochote, lakini mpira ukibiringika kuelekea kwa mwingine utarudishwa, na mchezo umeanza. Usimsukume mwanao kwa maneno kama "nenda ukacheze nao". Kaa chini, chora mistari ya kuruka, anza kuruka naye. Wengine watakuja wenyewe.

Nawe mzazi, salimia. Jifunze salamu ya pale hata kama ndiyo maneno pekee unayoyajua. Wazazi na walezi wanaoketi kwenye benchi hizo ndio watakaokuambia mwalimu gani wa kuogelea ana subira, makumbusho gani mtoto wa miaka minne atalia achoke, ufukwe gani una mawimbi mabaya. Hakuna kitabu cha watalii kinachoandika hayo.

Hatua ya 4: Wiki iwe na mdundo

Mpangilio ambao naona familia nyingi zinaumudu ni huu. Alasiri za siku za kazi ni za kiwanja chenu. Siku moja katikati ya wiki iwe na jambo la kudumu lenye saa yake: hadithi za watoto maktabani, darasa la kuogelea, mazoezi ya mpira. Siku moja ya mwisho wa wiki iwe ya matembezi makubwa. Siku inayobaki, hakuna kitu. Wafue, walale, wapige simu nyumbani.

Jambo la kudumu ndilo linalompa mtoto kitu cha kusema "kesho ni siku ya…". Chagua linaloruhusu mtu kuingia wakati wowote, kwani madarasa mengi huandikisha kwa muhula mzima na ninyi huenda mmefika katikati. Mfano mzuri ni parkrun, mbio au matembezi ya kilomita 5 bila malipo yanayofanyika kila Jumamosi asubuhi katika nchi nyingi. Ilianzia Bushy Park, London, mwaka 2004. Unajiandikisha mara moja mtandaoni, na namba yako inatumika popote duniani panapofanyika. Katika baadhi ya nchi kuna ya watoto wa miaka 4 hadi 14, kilomita 2, Jumapili. Si lazima mtu akimbie, na kwa familia ngeni uzuri wake ni kwamba wiki ya tatu mnaanza kuitwa kwa majina.

Maktaba nayo ipewe nafasi mapema. Mara nyingi kadi hutolewa kwa mtu mwenye ushahidi wa anwani, na mkataba wa nyumba mliyopanga huweza kutosha, hivyo ulizeni. Nchini Marekani na Kanada maktaba nyingi za umma hukopesha hata tiketi za makumbusho na bustani za wanyama kama zinavyokopesha vitabu. Unaweka nafasi, unachukua, familia inaingia.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Mtalii hununua tiketi ya siku. Anayekaa miezi anapaswa kuangalia uanachama. Chukua bei ya uanachama wa mwaka, igawanye kwa bei ya familia nzima kuingia mara moja. Jibu likiwa mbili na nusu, na mahali penyewe mnapapenda kiasi cha kwenda kila baada ya wiki mbili, nunueni hata kama mtakaa miezi mitano tu. Jibu likizidi mara mtakazokwenda kweli, acheni. Ila nendeni kwanza mara moja kwa tiketi ya kawaida, na muulize kama fedha hiyo hukatwa kwenye uanachama ukijiunga siku hiyo hiyo. Sehemu nyingi hukubali.

Uanachama una faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Mliolipia kuingia mara moja mtabaki hadi jioni hata kama mtoto amechoka, kwa sababu "tumelipa". Mwenye kadi huingia, akatazama samaki kwa dakika 40, akarudi nyumbani kulala. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hiyo dakika 40 ndiyo ziara nzuri.

Nauli ifanyiwe hesabu hiyo hiyo. Orodhesha safari za wiki, ujumlishe nauli, linganisha na kadi ya wiki na ya mwezi. Uliza umri ambao watoto hawalipi. Kule Luxembourg usafiri wa umma umekuwa bure nchi nzima tangu 2020, kwa hiyo hesabu yote hii inaondoka. London mtoto wa chini ya miaka 11 hupanda treni za chini ya ardhi bure akiwa na mtu mzima aliyelipa. Tofauti ya sheria hizi kati ya mji na mji ni kubwa mno, na familia inayodhani mambo ni kama kwao hulipa zaidi.

Vya bure navyo ni vingi kuliko mnavyotarajia. Makumbusho ya Smithsonian yaliyoko Washington hayana kiingilio. British Museum ya London, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1759, haitozi kwa maonyesho yake ya kudumu. Louvre, makumbusho makubwa ya Paris, haiwatozi walio chini ya miaka 18. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, na makumbusho mengi duniani hufungua milango bure au huandaa shughuli za watoto karibu na siku hiyo.

Angalieni pia siku ya kufungwa. Makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu. Louvre hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris yaliyo ng'ambo ya mto tu kutoka Louvre, hufungwa Jumatatu. Watoto watatu waliovalishwa makoti na kupandishwa treni, wakifika wakakuta geti limefungwa, hawataamini tangazo lako la safari inayofuata.

Hatua ya 6: Siku ya matembezi makubwa

Jambo moja kwa siku. Si makumbusho asubuhi, mnara mchana na mto jioni. Mna wiki nyingi, na hiyo ndiyo mali ambayo mtalii hana.

Usiku wa kuamkia, kila mtoto achague kitu kimoja anachotaka kukiona pale mnapokwenda. Fungua tovuti yao, mwonyeshe picha: mifupa ya nyangumi, ndege ya zamani, twiga. Akifika anakitafuta kwa bidii, na akikipata ziara yake imefanikiwa hata kama hakuona kingine. Mkishaona vitu vyote vilivyochaguliwa mko huru kuondoka.

Fikeni saa ya kufungua. Siku za katikati ya wiki kwenye makumbusho ni kinyume: makundi ya shule hujaa asubuhi na kuondoka baada ya saa saba mchana, kwa hiyo ninyi nendeni alasiri.

Begi liwe moja, la mgongoni, mikono ibaki mitupu ya kushika watoto. Ndani yake: maji, vitafunio vya kutosha mara mbili ya unavyodhani, kitambaa chenye unyevu, nguo moja ya kubadilisha kwa mtoto mdogo, plasta, mfuko mtupu wa takataka na wa nguo zilizolowa, koti jepesi, chaja ya simu. Kigari cha mtoto, kama kinahitajika, kiwe kile chepesi kinachokunjika kwa mkono mmoja, kwa sababu vituo vingi vya treni za zamani havina lifti na utakibeba kwenye ngazi huku umeshika mkono wa mtoto.

Kabla hamjatoka mlangoni, piga picha ya watoto wote wakiwa wamesimama, nguo zao za siku hiyo zikionekana hadi viatu. Mtoto akipotea, hofu hufuta kumbukumbu, na mzazi aliyeulizwa "amevaa nini?" hushindwa kujibu. Ukiwa na picha unaionyesha tu. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino, pamoja na namba ya nchi mbele kama laini yako ni ya nyumbani. Mkifika, onyesheni mahali pamoja pa kukutana, palipo na alama isiyohama, kama sanamu au saa ya ukutani. Usiseme "pale kwenye mlango", milango ni mingi. Mwonyeshe mtoto pia sare za wafanyakazi wa pale, umwambie: ukitupoteza, simama hapo ulipo, kisha umwite mwenye nguo kama hii.

Na muondoke mapema. Dalili hujitokeza kabla ya kilio: mdogo anaanza kujilaza sakafuni, wa kati anamchokoza mkubwa, mkubwa anauliza saa ngapi. Mkitoka dakika hiyo, watoto watakumbuka siku nzuri. Mkitoka nusu saa baadaye watakumbuka ugomvi.

Hatua ya 7: Penye maji, sheria hazina mjadala

Familia zilizotoka bara zikafika mji wa pwani, au zilizozoea bahari tulivu zikakuta bahari ya mawimbi, ziko kwenye hatari ambayo hazijaizoea. Ogeleeni kwenye ufukwe wenye waokoaji tu. Katika nchi nyingi bendera ya nusu nyekundu nusu njano huonyesha eneo linalolindwa, na mnaogelea kati ya bendera mbili za aina hiyo. Nyekundu tupu maana yake msiingie.

Mkondo unaovuta kuelekea kilindini huonekana mara nyingi kama njia tulivu katikati ya mawimbi, ndiyo maana hudanganya. Aliyeshikwa nao asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aelee, atulie, apunge mkono kuomba msaada, na kama ana nguvu aogelee kandokando ya ufukwe hadi atoke kwenye mkondo ndipo arudi.

Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kuguswa na mkono wako, hata kwenye maji ya magoti. Kuzama hakuna kelele kama kwenye filamu. Mtu mzima mmoja apewe zamu ya kutazama maji bila simu mkononi, na akichoka akabidhi kwa kusema wazi: "Sasa ni wewe."

Mabwawa ya umma nayo yana kanuni zake. Nchini Ufaransa, kwa mfano, wanaume na wavulana hutakiwa kuvaa nguo ya kuogelea inayobana, bukta pana hairuhusiwi, na mabwawa mengi hudai kofia ya kuogelea. Soma kanuni usiku uliotangulia.

Jua: kipimo cha mionzi ya jua (UV), ambacho huonyeshwa kwenye programu nyingi za hali ya hewa, kikifika 3 anzeni kujikinga kwa kofia, nguo na kivuli. Mafuta ya kinga yawe ya kiwango cha SPF 30 au zaidi, yapakwe tena kila saa mbili na baada ya kutoka majini. Mawingu hayazuii mionzi yote.

Watoto wakubwa

Kijana wa miaka 14 hataki kiwanja chenu, na ana haki. Yeye ndiye aliyepoteza zaidi kwa safari hii, kwa sababu marafiki zake wanaendelea na maisha bila yeye na anawaona kwenye simu kila siku. Mpe kadi yake ya usafiri. Piteni naye njia moja mara mbili, kutoka nyumbani hadi maktaba kuu au uwanja wa michezo, kisha aipite peke yake mchana, kwa saa mliyokubaliana ya kurudi. Mpe pia mamlaka: siku moja kubwa kila mwezi anaipanga yeye, kuanzia mahali, nauli hadi saa ya kuondoka, na ninyi wengine mnamfuata bila kulalamika.

Siku za mvua, wekeni orodha fupi ya sehemu tatu za ndani zilizo karibu, ibandikwe mlangoni. Mvua ikinyesha watu hawana akili ya kutafuta.

Kama mko pale kwa ajili ya matibabu

Hii naiandika pekee kwa sababu familia hizi husahauliwa katika miongozo ya matembezi, na wao wenyewe hujinyima. Mama yuko wodini na mtoto mgonjwa, baba yuko chumbani na ndugu wawili wa mgonjwa, na wazo la kwenda bustanini linaonekana kama usaliti. Si usaliti. Mtoto asiye mgonjwa aliyekaa kwenye korido za hospitali wiki tatu anaumia pia, ila hakuna anayempima.

Matembezi yenu yawe mafupi na karibu na hospitali, simu ikiwa wazi. Nusu saa kila siku, saa ile ile, mzazi mmoja na ndugu wa mgonjwa. Wazazi wabadilishane, kwa kuwa aliye wodini naye anahitaji kuliona jua. Waulizeni wauguzi kama kuna chumba cha michezo, bustani ya hospitali, au mtaalamu wa michezo ya watoto. Hospitali nyingi kubwa za watoto zinavyo na hazitangazi sana. Ulizeni pia kuhusu nyumba za familia zilizo karibu. Zile za Ronald McDonald, ya kwanza ikiwa imefunguliwa Philadelphia mwaka 1974, zipo katika nchi nyingi na huwapa makazi familia za watoto waliolazwa mbali na kwao.

Mgonjwa mwenyewe akiruhusiwa kutoka kwa saa chache, muulize daktari mambo matatu kabla ya kupanga: aepuke msongamano wa watu? aepuke jua? dalili gani ikitokea mrudi mara moja? Halafu mwache yeye achague. Anaweza kuomba tu kupanda basi hadi mwisho wa njia na kurudi, amekaa dirishani. Mpeni hilo, na msijaribu kuliboresha.

Ndugu aliyekwenda bustanini amletee mgonjwa kitu cha kusimulia, picha au mchoro. Majani na maua muulize muuguzi kwanza, wodi nyingine haziyaruhusu.

Wiki mbili za mwisho

Msiongeze sehemu mpya. Fungueni lile fungu mlilotia pembeni, muulize kila mtoto anataka kurudi wapi, na mrudi. Kwenye kiwanja chenu semeni siku ya kuondoka mapema, ili watoto waliozoeana wawe na muda wa kuagana zaidi ya mara moja. Badilishaneni mawasiliano na wazazi wao kabla ya siku ya mwisho, maana siku ya mwisho mtu huwa anatafuta pasipoti. Vitabu vya maktaba virudishwe wiki moja kabla, na kadi za usafiri zenye amana au salio muulizie zinavyorejeshewa fedha, kwa kuwa mara nyingi hufanywa kwenye ofisi maalumu na si kituo cha karibu na nyumba. Mpira mwachieni mtoto mliyemkuta pale.